Watoto wametulipia meli ya utalii na huko iendako kuna chikungunya. Twende au tubaki?

MwalimuWaLangoni · Lamu · 19 Aprili 2025, 20:14

Asalaam aleikum, na masalkheri kwa jamaa wote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71, mtu wa Langoni hapa Lamu. Bi nyumbani ana 67. Binti yetu mkubwa anaishi Uingereza. Mwezi wa pili alitupigia simu akasema yeye na nduguze wamechanga, wametulipia safari ya meli ya utalii, zile zinazofanana na mtaa mzima uliong'oka ukaelea. Tupande ndege hadi Mauritius, tuingie melini Port Louis tarehe 10 Mei, kisha Réunion, Toamasina, Nosy Be, Shelisheli, na kurudi. Usiku 12. Hatujawahi kulipiwa kitu kikubwa hivyo maishani, na sikuwa na la kusema ila kushukuru.

Sasa habari za Réunion, kile kisiwa cha Wafaransa, mmezisikia. Chikungunya, ile homa ya mbu inayoumiza viungo, imewaangukia, watu maelfu kwa maelfu. Binti amebadilika sauti: "Baba, tuahirishe." Kijana wangu wa Mombasa anasema nendeni, mbu wapo hata hapo mlangoni penu. Bi nyumbani hasemi kitu, anapanga tu leso zake sandukuni, kisha anazitoa, kisha anazipanga tena.

Kampuni ya meli imetupa hadi tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo tunaweza kuhamisha tarehe, ingawa pesa hazirudishwi. Baada ya hapo, ukiacha umeacha.

Mimi nina kisukari, si kikali, vidonge tu. Bi ana presha na magoti. Waliowahi kusafiri kwa meli hizi, na wanaojua mambo ya maradhi, nishaurini. Sitaki kutiwa hofu na sitaki kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

---

KijanaMokowe · 19 Aprili, 20:31

Mwalimu shikamoo. Ulinichapa darasa la sita kwa sababu ya sehemu na desimali, lakini nimeshasamehe. Mkiamua kutokwenda, mimi na babu yangu tiketi tunaivaa. Babu hana jino hata moja, hatakula chakula kingi cha watu.

---

BahariaMstaafu · Malindi · 19 Aprili, 22:50

Mwalimu, salaam kutoka Malindi. Nimefanya kazi kwenye meli hizo miaka 16, mhudumu wa vyumba, nikarudi nyumbani 2021. Nitasema nilichokiona.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya. Kuna ugonjwa wa bandarini na kuna ugonjwa wa melini. Chikungunya ni wa bandarini. Mbu wake hakai katikati ya bahari kwenye upepo na viyoyozi, anakungoja ukishuka ngazi kwenda kutembea mjini. Usiposhuka Réunion, ukabaki melini unakunywa chai yako sitahani, umemkwepa kwa sehemu kubwa. Kubaki melini siku ya bandari si kosa wala si aibu. Wazee wengi walikuwa wakifanya hivyo, na wengine walikuwa wakiipenda siku hiyo kuliko zote kwa sababu meli inakuwa kimya.

Ugonjwa wa melini ndio mimi ninaouogopa. Ule wa kuharisha na kutapika, norovairasi. Mtu mmoja anashika kijiko cha bafe, wa pili anakishika, na kesho vyumba ishirini vimefungwa. Yale madawa ya kupaka mikononi wanayokupulizia mlangoni mwa chumba cha kulia hayamwezi sana mdudu huyo. Sabuni na maji ndiyo yanayomwondoa. Nilikuwa nawaambia wageni wangu kila siku, wananitazama kama nawauzia sabuni.

Halafu kuna maradhi ya pumzi, kama ile korona. Mwaka 2020, ile Diamond Princess iliyozuiwa Yokohama ilikuwa na watu 3,711, na 712 waliambukizwa. Abiria mmoja alikuwa ameshashuka Hong Kong kabla ugonjwa haujajulikana kuwa umepanda. Wageni walifungiwa vyumbani siku 14, na walio kwenye vyumba vya ndani hawakuwa na dirisha. Wenzetu wafanyakazi ndio waliokuwa wakiwapelekea sahani mlango kwa mlango huku wao wenyewe wanalala wawili wawili kwenye chumba kama kabati.

Mimi sikuwa kwenye hiyo. Nilikuwa kwenye nyingine, hatukuugua, lakini tulikaa miezi mitatu bila kukanyaga nchi kavu kwa sababu hakuna bandari iliyotutaka. Kwa hiyo swali langu kwako si "je, kuna ugonjwa?" Ugonjwa uko kila mahali. Swali ni: mkizuiwa, mnaweza kuzuiwa? Dawa zenu zinatosha? Meli si dau, Mwalimu. Huwezi kumgonga nahodha begani ukamwambia niteremshe hapo Kipungani.

La mwisho, Mei ni kusi, msimu wa upepo mkali na mawimbi. Wewe mtu wa Lamu unajua. Magoti ya Bi na meli inayocheza ni mambo mawili yasiyopatana. Ningekuwa mimi ningengoja kaskazi, hata pasingekuwa na ugonjwa.

---

MwalimuWaLangoni · 20 Aprili, 06:40

Baharia, ahsante sana. La kusi nilikuwa nalo moyoni nikaona haya kulisema, nisionekane mzee wa majahazi anayetoa maoni kuhusu meli ya orofa kumi na nne.

---

Mzalendo_Macho4 · 20 Aprili, 09:12

Haya magonjwa yote ni biashara. Wanatoa ugonjwa, kisha wanatoa chanjo. Mbona wakati wa babu zetu hakukuwa na chikungunya?

---

NesiMkomani · Lamu · 20 Aprili, 09:55

Mzalendo, jina la ugonjwa wenyewe ni la babu zetu. Ni la Kimakonde, maana yake ni kile kinachokunja, kwa vile mgonjwa anatembea amejikunja. Uliandikwa vitabuni baada ya mlipuko wa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Kama ni biashara, basi Wamakonde walichelewa kuidai fungu lao.

Mwalimu, mimi ni muuguzi mstaafu, nilikuwa zamu hapa Lamu mwaka 2004. Kabla sijasema lolote naomba unijibu jambo moja, na ulijibu vizuri: mwaka 2004, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hivi, wewe ulikuwa wapi, na Bi alikuwa wapi?

---

KijanaMokowe · 20 Aprili, 10:03

Nesi anauliza kama afisa wa upelelezi.

---

MjukuuWaSiyu · 20 Aprili, 14:27

Mwalimu, mimi nitazungumza upande wa pili kwa sababu naona wote mtakwambia ngoja.

Babangu aliweka pesa za hija miaka mingi, shilingi kwa shilingi, za samaki na za mbuzi. Mwaka 2020 njia ikafungwa, wakahiji wachache tu waliokuwa Saudia kwenyewe. Mwaka 2021 vivyo hivyo, watu 60,000 wa ndani. Tukamwambia ngoja, Baba, mwaka kesho. Mwaka 2022 njia ikafunguliwa kwa watu milioni moja, kwa sharti kwamba uwe chini ya miaka 65. Yeye alikuwa ametimiza 66. Alikaa barazani siku hiyo akauliza, "Yaani nilipokuwa naweza palifungwa, na palipofunguliwa nimezeeka?" Hatukuwa na jibu.

Mwaka 2023 sharti la umri likaondolewa, lakini miguu yake ilikuwa imeshaondoka. Ndugu yangu ndiye aliyemhijia.

Sisemi uende. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka 30 akiahirisha mwaka mmoja hajapoteza kitu, na mzee wa miaka 71 akiahirisha mwaka mmoja ametoa kitu halisi mfukoni. Wanaokushauri ungoje wakihesabu hatari za kwenda, wahesabu na hiyo.

---

BahariaMstaafu · 20 Aprili, 15:10

Hilo nimelikubali. Mungu ampe babako ujira wa nia yake.

---

MwalimuWaLangoni · 20 Aprili, 21:33

MjukuuWaSiyu, nimesoma maneno yako mara mbili nikafunga simu, nikaenda kukaa ufukoni.

Nesi, hili hapa jibu. Mwaka 2004 mimi nilikuwa nafundisha Hola. Nilihamishiwa huko 2002, nilikuwa nakuja nyumbani likizo tu, na likizo ya Agosti mwaka ule sikuja kwa sababu Bi mwenyewe alinizuia. Aliniandikia usije, mji mzima umelala. Yeye alikuwa hapa hapa Langoni. Aliugua, tena vibaya. Mamake mzazi alimlisha uji kwa kijiko kwa sababu vidole havikuweza kukamata, na maumivu ya viungo yalimkaa hadi mwaka uliofuata. Ndiyo maana nasema ana magoti.

Kwa nini umeuliza?

---

NesiMkomani · 21 Aprili, 08:20

Mwalimu, keti kitako.

Mwaka ule ugonjwa ulianzia hapa petu. Kulikuwa na ukame, watu walijaza maji mapipa, mitungi na madebe, kila chombo kilichokuwa na tumbo kilitiwa maji. Wazee wetu walikuwa na akili, birika la nyumba ya Kiamu lilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mapipa ya plastiki hayakuwa na visamaki. Mbu huyu anayeuma mchana alizaliana ndani ya nyumba zetu wenyewe. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa watu watatu kati ya wanne mjini walikuwa wameambukizwa. Nilikuwa naona foleni ya watu wanaotembelea bakora, na wengine ni vijana wa mpira.

Kutoka hapa ulishuka Mombasa, mwanzo wa 2005 ukafika Ngazija na visiwa vya Komoro, kisha Réunion. Huko, mwaka 2005 na 2006, zaidi ya thuluthi moja ya watu wa kisiwa waliugua. Kirusi kilibadilika kidogo kikamzoea mbu wao wa mistari. Kwa hiyo wanachokiogopa watoto wako leo kule Réunion kina nasaba na kile kilichomlaza Bi Langoni. Sisi ndio tuliowapelekea mara ile, samahani zao.

Sasa shika hapa. Aliyekwisha kuugua chikungunya hubaki na kinga kwa miaka mingi, na wataalamu wengi wanaona ni ya maisha. Bi wako, mwenye magoti mabovu na presha, ambaye nyote mnamhurumia, ndiye mwenye ngao. Wewe mwenye kutembea hadi Shela kila asubuhi huna. Tena una kisukari na umepita miaka 65. Hao ndio chikungunya inaowaangusha: si maumivu ya viungo tu, bali moyo, figo, sukari kupanda ovyo. Hiyo safari ni hatari kwako wewe zaidi kuliko kwake.

Kama unataka uhakika, kuna kipimo cha damu cha kingamwili. Bi apimwe, nawe upimwe, huenda uliugua kidogo bila kujua.

Na kwa wote wanaosoma: mkipata homa huko, msikimbilie diklofenaki wala aspirini. Homa ya dengi inafanana na hii, na dawa hizo zinaweza kuleta kutokwa damu. Parasetamoli na maji, na daktari.

---

KijanaMokowe · 21 Aprili, 08:41

Kumbe anayebembelezwa ndiye askari na anayebembeleza ndiye mgonjwa.

---

MwalimuWaLangoni · 21 Aprili, 09:02

Nimemsomea Bi. Amecheka mpaka akashika ukuta. Tangu asubuhi ananiita "mgonjwa wangu".

---

WakalaWaPwani · Mombasa · 21 Aprili, 11:46

Niingie kwa upande wa bima, maana ndiko watu wanakolia. Nauza tiketi na bima za safari, miaka 11 sasa.

Bima nyingi zina dari ya umri. Nyingine inaisha 65, nyingine 70, nyingine inaendelea kwa bei mara mbili. Mwalimu ana 71, asidhani bima aliyonunuliwa na binti mtandaoni inamhusu mpaka asome umri. Pili, kisukari na presha lazima vitajwe. Ukivificha ili bei ishuke, siku ya kudai wanaomba faili lako la hospitali na hapo umekwisha. Tatu, na hili ndilo la leo: ukinunua bima baada ya mlipuko kutangazwa, kampuni nyingi husema huo ni mlipuko unaojulikana, hatulipi ukighairi kwa sababu yake. Matibabu wanaweza kulipa, kughairi hapana. Sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo kama za maelezo ya sindano.

Melini kuna daktari, ndiyo, lakini ile ni zahanati. Unalipa kwa kadi kabla hujashuka, kisha unaidai bima yako. Mgonjwa mzito anahamishwa hadi nchi kavu, na gharama ya kumhamisha ndiyo ya kutazama kwanza kwenye karatasi. Nimeona mteja aliyenunua bima ya mizigo kupotea akasahau ya mwili wake.

---

BintiShela · 21 Aprili, 12:30

Lakini jamani, sisi wa Lamu hata kwenda kwa daktari bingwa ni safari ya bahari. Boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Au boti hadi Manda, ndege. Mzee akishikwa usiku na maji yametoka, tunangoja. Mimi naona melini angalau daktari yuko orofa ya chini.

---

WakalaWaPwani · 21 Aprili, 12:52

BintiShela, hapo umenifunga mdomo. Lakini Mokowe hawakutozi dola.

---

Mzalendo_Macho4 · 21 Aprili, 13:15

Mnajadili meli za matajiri, watu hawana maji.

---

MjukuuWaSiyu · 21 Aprili, 13:40

Wametunzwa na watoto wao. Ukitunzwa nawe utaleta uzi wako, tutausoma.

---

MwalimuWaLangoni · 24 Aprili, 19:05

Taarifa fupi. Tumezungumza na binti. Amesema huko Réunion wameanza tangu mapema mwezi huu kuwachanja chikungunya wazee wa miaka 65 na zaidi wenye maradhi mengine, yaani watu kama mimi hasa. Anauliza kama naweza kuipata chanjo hiyo popote kabla ya safari. Nesi, unasemaje?

---

NesiMkomani · 24 Aprili, 21:18

Hapa petu sijaiona. Na kwa umri wako mimi nisingekimbilia chanjo mpya yenye kirusi hai kilichodhoofishwa bila daktari anayekujua kuketi nawe. Mpe binti salamu, mwambie angoje siku chache.

---

BintiShela · 27 Aprili, 10:09

Mmeona? Ufaransa imesimamisha chanjo hiyo Réunion kwa wote wenye miaka 65 na zaidi. Kuna wazee waliopata madhara makubwa baada ya kuchanjwa, na mmoja amefariki. Wanachunguza.

---

Mzalendo_Macho4 · 27 Aprili, 10:15

SI NILISEMA.

---

NesiMkomani · 27 Aprili, 11:30

Hukusema hivyo. Ulisema ugonjwa ni wa kubuni. Hapa ugonjwa upo, chanjo ipo, na waliokuwa wakiifuatilia wameona tatizo kwa wazee, wakasimamisha mbele ya macho ya dunia nzima. Ingekuwa biashara unayoisema wangenyamaza.

Kwa Mwalimu jambo limekuwa jepesi: mlango wa chanjo umefungwa. Ukienda, unakwenda na mikono mirefu, soksi, dawa ya kufukuza mbu, na uamuzi wa kutoshuka Réunion. Na si Réunion pekee, hata Mauritius kwenyewe mnakopandia kuna wagonjwa mwaka huu, ingawa si wengi kama hao.

---

MwalimuWaLangoni · 27 Aprili, 20:48

(Leo anaandika Bi. Mimi nimeambiwa nikae kando.)

Hamjambo nyote. Mimi ndimi niliyesemwa magoti yangu siku nane humu na mtu hajaniuliza nataka nini.

Nataka kwenda. Miaka 44 napika. Nimepika Ramadhani 44, harusi za wana wangu, matanga, maulidi, wageni wa Mwalimu wanaokuya bila kubisha hodi wakisema wamepita tu. Nikaambiwa kuna mahali utakaa siku 12 na mtu akuletee chai, na akitoa sahani hujui inaoshwa wapi. Nyie mnasema kirusi, mimi nasema sahani.

Chikungunya naijua, imenilaza na mkono wangu haukuweza hata kutia mayi ya udhu. Siiogopi tena kwa nafsi yangu, namuogopea huyu. Lakini na kusi nalo naliogopa, maana mimi nikipanda boti ya Matondoni tu moyo unachafuka. Kwa hiyo msiniulize kama nitakwenda, niulizeni lini.

Na yule kijana wa Mokowe, mwambieni babuye tiketi haipo.

---

KijanaMokowe · 27 Aprili, 20:55

Shikamoo Bi. Babu amesikia, ameinamisha kichwa.

---

BahariaMstaafu · 27 Aprili, 21:20

Bi, nimeosha hizo sahani za watu nusu ya maisha yangu na leo ndiyo mara ya kwanza nimefurahi kusikia mtu akizitamani. Nenda. Ila nenda Desemba au Januari. Na uombe chumba cha katikati ya meli, orofa za chini, ndiko inakocheza kidogo. Watu hukimbilia juu kwa ajili ya mandhari, kisha hutumia safari nzima wakitazama ndoo.

---

NesiMkomani · 27 Aprili, 22:02

Bi, umesema kweli kuwa hatukukuuliza, unisamehe. Sasa nakuuliza: kadi ya manjano unayo? Ile ya chanjo ya homa ya manjano.

---

MwalimuWaLangoni · 27 Aprili, 22:15

Ni mimi Mwalimu. Mimi ninayo ya mwaka 1998, nilipokwenda semina Kampala. Nadhani imekufa. Bi hana, hajawahi kutoka nje ya Kenya isipokuwa Tanga, na zama hizo alipita kwa jahazi.

---

NesiMkomani · 27 Aprili, 22:40

Ya kwako haijafa. Tangu Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata zile za zamani. Itafute, uitie kwenye pasipoti.

Ya Bi ndilo jambo ambalo sote tumelikosa siku nane tukifukuzana na mbu wa Réunion. Wasafiri wanaotoka Kenya hudaiwa kadi hiyo kwenye visiwa hivyo, na uwanja wa ndege wanaweza kukurudisha hata kabla hujaiona meli. Chanjo yenyewe ni salama kwa watu wengi, lakini kwa aliyevuka miaka 60 na anachanjwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwa mengi kuliko kwa kijana. Si jambo la kuchoma haraka haraka dirishani. Daktari amtazame, aulize dawa anazotumia. Akiona haifai anaweza kuandika barua ya kumsamehe, na mjue mapema kama nchi zote za njiani zinaipokea.

Na kadi inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu wa hesabu: leo ni tarehe 27, mnaruka tarehe 9.

---

MwalimuWaLangoni · 27 Aprili, 22:51

Hata akichomwa kesho asubuhi, zinabaki siku 11. Inatosha kwa karatasi, haitoshi kwa kufikiri.

---

MjukuuWaSiyu · 28 Aprili, 07:10

Nilikuwa upande wa kwenda na bado niko huko, lakini sikusema kukimbia. Hameni tarehe, si safari. Msiseme "mwaka kesho Mungu akipenda" halafu mkaacha. Shikeni tarehe kamili kwenye karatasi, yenye namba. Babangu hakuwa na tarehe, alikuwa na "mwaka kesho".

---

MwalimuWaLangoni · 30 Aprili, 17:36

Jamaa, tumeamua leo saa nane mchana, saa chache kabla ya mwisho wa muda wao.

Tumehamisha hadi tarehe 6 Desemba. Kampuni ilitaka tofauti ya bei, binti akasema atalipa, nikamwambia hapana, hiyo nitatoa mimi, angalau niwe na mbao moja kwenye hiyo meli. Chumba tumeomba cha katikati, orofa ya tatu. Bima nimeisoma mwenyewe kwa miwani miwili: ile ya mwanzo iliishia miaka 70, kama Wakala alivyoonya. Wametupatia nyingine, ghali, kisukari kimeandikwa, presha imeandikwa, magoti yameandikwa pia ingawa hawakuuliza.

Bi ana daktari Jumanne ijayo kwa habari ya homa ya manjano. Mimi nitatoa damu siku hiyo hiyo. Kama Réunion bado ina homa Desemba, yeye atashuka na mimi nitabaki sitahani. Amesema ataniletea kadi ya posta.

Kadi yangu ya 1998 nimeipata. Ilikuwa ndani ya kitabu cha mahudhurio cha darasa la sita, na jina la KijanaMokowe limo, siku 19 hakuja shule.

---

KijanaMokowe · 30 Aprili, 17:44

Mwalimu hayo tulishayamaliza.

---

BahariaMstaafu · 30 Aprili, 18:20

Safi kabisa. Dawa zenu za kila siku beba mara mbili ya siku za safari, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Na wewe Bi, ukiletewa chai, kwanza osha mikono kwa sabuni. Hata kama huoshi sahani.

---

MwalimuWaLangoni · 30 Aprili, 18:41

Bi anauliza: melini wanaruhusu mtu kuja na mofa zake na achari ya ndimu, au watamnyang'anya mlangoni?

---

BahariaMstaafu · 30 Aprili, 18:58

Mofa zikiwa zimekauka na kufungwa vizuri, meli nyingi huziacha zipite. Achari itie kwenye sanduku la chini na uifunge mara tatu. Mimi moja ilinipasukia Mumbai mwaka 2009, na shati lile mpaka leo.

---

NesiMkomani · 30 Aprili, 19:15

Achari yenye chumvi hiyo, na presha hiyo? Bi, Jumanne tutaonana mapema.